Kikombe cha siagi ya karanga ni gramu ngapi?

Kikombe kimoja cha Marekani cha siagi ya karanga laini ni gramu 258. Nusu yake ni 129, robo ni 65 kasoro kidogo, na kijiko kikubwa kilichosawazishwa ni 16. Bandika namba hizi ndani ya mlango wa kabati la jikoni, maana mapishi mengi ya biskuti za karanga yaliyoko mtandaoni yametoka Marekani na yanapima kwa kikombe.

Kikombe hicho kina ujazo wa mililita 237 hivi. Geuza chako utazame kitakoni: kama kimeandikwa 250 ml, kikijaa kinabeba gramu 272, na hizo 14 za ziada ni karibu kijiko kizima. Kikombe cha chai kiache mezani, hakina kipimo. Mapishi ya Australia nayo yana kijiko chao cha mililita 20, yaani gramu 22.

Kosa linaloharibu biskuti nyingi ni kudhani mililita na gramu ni kitu kimoja. Kwa maji ni sawa. Siagi ya karanga ni nzito kuliko maji, kwa hiyo zidisha mililita kwa 1.09. Aunsi nazo zinachanganya vivyo hivyo: aunsi 8 za uzito ni gramu 227, lakini aunsi 8 za ujazo ni kikombe kizima, gramu 258. Tofauti hiyo ni vijiko viwili, inatosha kabisa kulegeza donge la unga. Siagi ya mlozi ni gramu 250 kwa kikombe, ya ufuta 240, na ya korosho kijiko chake ni 16 kama karanga.

Ukiwa na mizani, usihangaike kupakua kwenye kikombe. Weka chupa wazi juu ya mizani, kijiko kikiwa ndani yake, bonyeza TARE isome sifuri. Chota, tia kwenye bakuli, rudisha kijiko chupani, soma. Mizani itaonyesha namba yenye alama ya kutoa. Ikifika -129, nusu kikombe kimeingia bakulini. Kilichoganda kwenye kijiko kimerudi chupani, kwa hiyo hakiingii kwenye hesabu. Hakuna chombo cha pili cha kuosha.

Bila mizani, paka kikombe mafuta ya kupikia, shindilia siagi kwa mgongo wa kijiko hadi mapovu ya hewa yatoke pembeni, kisha kata juu kwa kisu. Siagi ya baridi ni ngumu na huacha mashimo yasiyoonekana, basi tumbukiza kwanza chupa iliyofungwa kwenye maji ya uvuguvugu. Au tumia uzito ulioandikwa kwenye lebo: chupa mpya ya gramu 400, theluthi yake ni nusu kikombe na kidogo juu.

Jambo moja mizani haiwezi kulirekebisha. Siagi isiyo na viungio huachanisha mafuta yakaelea juu. Ukichota bila kukoroga, gramu zitatimia lakini utakuwa umechota mafuta mengi, na biskuti zitatandaa kwenye trei. Chupa ikikaribia kwisha, masalia makavu ya chini yatakupa biskuti zinazovunjika mkononi. Koroga mpaka kitako cha chupa, kila mara.

Kwa anayesaga mwenyewe: uzito haupungui, ujazo ndio unaosinyaa. Kikombe cha karanga nzima ni gramu 146 tu, kwa hiyo siagi ya kikombe kimoja inadai karibu vikombe viwili vya karanga. Ukitaka nusu kikombe, pima gramu 140 za karanga zilizokaangwa na kumenywa, maana nyingine zitang'ang'ania kwenye visu vya blenda.