Mia yenye maandishi ya kinyume: ni kosa la kiwandani au kazi ya jiriwa?

Mkuu, umeuliza kuhusu hiyo mia ya swala, sarafu yetu ya shilingi mia, yenye maandishi yaliyozama na kugeuka kama ya kwenye kioo, yamekaa juu ya mgongo wa swala. Jamaa wa Kibaigwa amekwambia ni kosa la kiwandani na usiitoe chini ya milioni mbili. Kwa ninavyoiona pichani, hiyo imetoka kwenye jiriwa, kile chuma cha fundi cha kubania vitu, au chini ya nyundo. Nianze na hela yangu iliyoliwa, ndipo utanielewa.

Wakati naanza kukusanya sarafu niliuziwa stendi shilingi ya zamani, zile za mwenge zilizoanza 1966. Upande mmoja Nyerere kama kawaida. Upande wa pili mwenge, na juu ya mwenge Nyerere mwingine, kazama ndani, kageukia kusikokuwa kwake. Elfu arobaini na tano ikanitoka. Wiki nzima natembea nayo mfukoni, kila baada ya muda naipapasa kuona kama ipo. Nina rafiki mwenye karakana ya kuchomelea kule Kizota, nikampelekea aishangae. Hakushangaa. Akaniagiza shilingi mbili chakavu za aina ileile, akazibananisha, uso wa moja kwenye mwenge wa nyingine, akaweka vipande vya ngozi ya kiatu ili meno ya jiriwa yasiache alama, akakaza, kisha akachomeka bomba kwenye mpini akakaza tena. Zilipotoka nilikuwa na "kosa la kiwandani" la pili, hafifu kidogo kuliko la kwanza, lakini ndugu yake kabisa. Chai nililipa mimi.

Tangu siku hiyo, sarafu ya ajabu ikinifikia, bei naiacha kwanza. Najiuliza mashine ingeifanyaje. Kiwandani kipande kitupu cha duara kinaingia ndani ya pete, kinagongwa na mihuri miwili, mmoja juu mmoja chini, kinatoka. Kama hitilafu haiwezi kuzaliwa katika hatua hizo, imezaliwa mtaani.

Sasa maandishi ya kinyume yapo kweli kiwandani. Hutokea sarafu iliyokwisha gongwa ikanasa kwenye muhuri. Kipande kinachofuata kinagongwa na sarafu iliyonasa badala ya muhuri, kwa hiyo kinapata picha iliyozama na kugeuka. Lakini angalia: muhuri wa upande huo ulikuwa umefunikwa, haukukigusa. Maana yake kwenye mia ya namna hiyo utaona Nyerere safi upande mmoja, na Nyerere aliyezama upande wa pili, bila swala. Hata iliyonasa ikiwa imekaa upande na kufunika nusu tu, pale penye picha ya kinyume hapawezi kuwa na swala chini yake. Wewe swala wako yupo mzima, ila mgongo umelala na maandishi yamepita juu yake. Basi aligongwa kwanza vizuri, akabanwa baadaye. Isitoshe, mia ni chuma kilichofunikwa ganda jembamba la rangi ya dhahabu (ijaribu kwa sumaku, itanasa, ya mia mbili hainasi). Ukiiminya kwa nguvu ganda hilo hupasuka pembezoni mwa alama, na kwenye picha yako naona weusi palepale.

Za kweli zipo, hata huku kwetu. Mimi ninayo mia mbili iliyomegwa, nilipewa na konda kama chenji. Vipande hukatwa kwenye bamba la madini kama mama anavyokata maandazi kwa glasi: glasi ikiangukia penye tundu la andazi lililotangulia, linalofuata linatoka limeng'atwa kwa umbo la mwezi mchanga. Nilihofia ni tupa, nikaipeleka kwa sonara karibu na soko la Majengo, akaipima pamoja na mia mbili tano nzima. Tano zile zilikaribiana sana, yangu ikapungua waziwazi. Hilo peke yake halithibitishi kitu, kwani hata tupa inapunguza uzito. Kilichonitoa wasiwasi ni ukingo: mkabala kabisa na pale ilipong'atwa, ukingo wa sarafu umefifia. Mashine ya kuinua ukingo hubana kipande kutoka pande mbili, na upande mmoja ukikosa madini, upande wa pili haupati wa kushindana naye. Mtu wa tupa hakumbuki hilo. Tena herufi zilizo karibu na mmego zimevutwa kidogo kuelekea huko, hazikukatwa wima kama kwa msumeno.

Mambo mengine yanayowahangaisha watu ni madogo. Jero (sarafu ya mia tano) ile ya nyati iliyotoka 2014, ukiigeuzageuza kwenye mwanga unaona 500, mara BOT. Hiyo ni alama ya usalama, zote zinayo. Mia iliyogeuka nyeupe mara nyingi imelambwa na maji ya betri, itazame kwenye kona za herufi utakuta masalia ya unjano.

Na ubaya wa sura nao usikudanganye. Kuna mtu wa Singida alinitumia heller 20 ya 1916, hela ya enzi za Mjerumani, akidhani ni kosa, kwa sababu herufi zimekaa ovyo. Hizo ziligongwa Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wamezingirwa, kazi ikafanyika kwenye karakana ya reli kwa shaba ya kuokoteza. Ndivyo zilivyo. Zile za dhahabu za rupia 15, zenye tembo, zilitengenezwa hukohuko kwa dhahabu ya Sekenke, hapo jirani kwao huyo jamaa. Nilimwambia atafute ya tembo.

Kwa hiyo mkuu, usiisugue kwa ndimu wala majivu, iache ilivyo. Nitumie picha ya upande wa Nyerere, mwanga utokee pembeni, siyo juu. Kama pua na shavu vimelala bapa vikang'aa kuliko sehemu nyingine, huo ndio upande uliokalia taya la jiriwa, na mwambie jamaa wa Kibaigwa aitoe yeye hiyo milioni mbili.