Vipimo Huanzia kwa Mzee: Kwa Wanaoanza Kusimamia Mafundi

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya kusimamia mafundi katika nyumba za wazee, iwe kwa kuajiriwa au kwa sababu ninyi ndio watoto mliobaki karibu na nyumbani, nawaandikia baada ya kuifanya kazi hii kwa miaka kadhaa Dar es Salaam na Tanga. Ukiilinganisha na kujenga nyumba mpya, kazi yenyewe ni ndogo: njia ya mteremko ya kupandia barazani, mlango wa choo uliopanuliwa, vyuma vya kushikia, sakafu isiyoteleza. Ugumu wake unatokana na jambo moja, nalo ni kwamba anayelipa ni mtu mmoja, anayejenga ni mwingine, na atakayeitumia kazi hiyo kila siku ni wa tatu. Na mara nyingi huyo wa tatu ndiye pekee ambaye hajaulizwa chochote.

Hali mtakayoikuta mara nyingi ni hii: mtoto yuko Muscat au Toronto, anatuma fedha kwa simu pamoja na picha ya bafu alilolipenda, fundi anafika na futi kamba na kuanza kupima kuta, huku mzee amekaa barazani akipokea shikamoo za wapita njia. Kwa sababu hiyo, siku ya kwanza msiende na fundi. Nendeni peke yenu, mapema asubuhi, mkae na mzee mpaka jioni, mkitazama anavyoinuka kitandani, anavyovuka kizingiti, anavyokwenda msalani na anavyorudi. Tazameni pia kuta. Katika nyumba moja ya Ngamiani, Tanga, niliona rangi ya ukuta imekuwa nyeusi na laini mahali pa ukubwa wa kiganja, kando ya mlango wa uani, na nyingine kama hiyo kwenye fremu ya mlango wa choo, chini kidogo ya kitasa. Bibi mwenye nyumba alikuwa akishika hapo kwa miaka mingi bila mwenyewe kujua. Tulipofunga vyuma, tulivifunga mahali hapo hapo, na mkono wake ulivikuta bila kufundishwa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia umri wa miaka 60, lakini umri hautamwambia fundi afanye nini. Wazee wawili wenye miaka 75 wanaweza kuhitaji nyumba tofauti kabisa, mmoja kwa sababu magoti hayakunji, mwingine kwa sababu kiharusi kimemdhoofisha upande mmoja. Hapo ndipo nilipokosea katika kazi yangu ya tatu. Mzee alikuwa amedhoofika upande wa kushoto, na fundi akafunga chuma cha chooni kushoto kwa sababu ukuta wa kulia ulikuwa na bomba la maji. Kilikuwa kimenyooka, kimepakwa rangi vizuri, nami nikakipokea. Mkewe ndiye aliyenieleza, kwa upole sana, kwamba mzee alikuwa akiukunjua mkono wake wa kulia mbele ya kifua ili kukifikia, na siku mbili kabla alikuwa amekaribia kuanguka. Tulihamisha bomba la maji. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kabla ya kutoboa ukuta wowote ni hili: mkono gani una nguvu?

Kuhusu vyuma hivyo, mambo mawili yanastahili muda wenu zaidi ya mengine yote. La kwanza ni unene. Bomba la chuma la inchi moja na robo, ambalo kwa nje lina kipenyo cha takriban milimita 42, linashikika vizuri. Lile la inchi mbili, ambalo mafundi wengi hulipendelea kwa kuwa linaonekana imara, lina takriban milimita 60, na kiganja chenye maumivu ya viungo hakiwezi kulizunguka. Kati ya bomba na ukuta iachwe nafasi ya sentimita 4 hivi, kwa sababu ikizidi sana mkono mzima unaweza kuteleza na kunasa katikati. La pili ni mahali skrubu inapoishia. Chuma kilichofungwa kwa skrubu fupi kimeshika kigae na ripu (plasta) tu, na siku mzee atakapokiegemea kwa uzito wake wote kitang'oka na kipande cha ukuta. Skrubu lazima iingie ndani ya tofali, na kama tofali ni bovu na mchanga unamwagika unapotoboa, fundi afukue sehemu hiyo, ajaze zege na kuliacha likauke kabla ya kufunga chochote. Kabla ya kulipa, mwambieni fundi mwenyewe akishike chuma kwa mikono miwili na kujivuta kwa uzito wake wote mbele yenu. Fundi anayejiamini hatasita, na anayesita amekwisha kuwajibu.

Njia ya mteremko ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi, kwa sababu kila fundi anaamini anaijua. Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni kwamba kwa kila sentimita moja ya kupanda, njia iwe na urefu usiopungua sentimita 12. Baraza yenye ngazi tatu za sentimita 15 ina kimo cha sentimita 45, kwa hiyo mteremko wake unahitaji mita 5 na sentimita 40. Mwambieni fundi urefu huo naye atacheka, kwani yeye amezoea kujenga mteremko wa kuingizia pikipiki, wenye urefu wa mita moja na nusu au mbili. Nimeuona mmoja wa namna hiyo Mbagala, ambapo kumpandisha mama mmoja kwenye kiti mwendo kulihitaji vijana wawili nyuma na mmoja mbele, na kumshusha kulimtia hofu kiasi kwamba aliacha kutoka nje. Familia ilikuwa imelipia uhuru wake, na kilichojengwa kilimfungia ndani.

Ua ukiwa mdogo, njia inaweza kukunja kona, mradi mahali inapokunja pawe tambarare na pawe na mita moja na nusu kwa mita moja na nusu ili kiti kiweze kugeuka. Pembeni pajengwe ukingo mdogo utakaozuia gurudumu lisitoke nje, na uso wa zege upigwe ufagio likiwa bado bichi ili lisiwe laini. Na kama nafasi haipo kabisa, ni heri ngazi nzuri zenye vimo vinavyolingana, zilizo na vyuma vya kushikia pande zote mbili, kuliko mteremko mkali.

Hapa kwetu pwani kuna jambo jingine ambalo vitabu vya nchi zenye mvua chache havilitaji. Kile kizingiti mnachotaka kukiondoa ndicho kinachozuia maji ya masika yasiingie ndani. Ukikiondoa na kuleta mteremko mpaka mlangoni, umeyafungulia maji njia. Kwa hiyo kabla ya mlango uchimbwe mfereji mwembamba wa kukatiza, ufunikwe kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo yasiyoweza kunasa gurudumu wala ncha ya mkongojo, na maji yake yaelekezwe mbali na msingi wa nyumba. Ukaguzi wa kweli wa kazi hii hufanywa kwa ndoo tano za maji zilizomwagwa kwa mkupuo mmoja, fundi akiwepo.

Mlango wa choo katika nyumba zetu nyingi una upana wa sentimita 70, na ukitoa unene wa fremu na mlango wenyewe, kinachobaki hakimtoshi mtu mwenye kiti mwendo. Sentimita 80 za nafasi tupu ndicho kiwango cha chini ninachokikubali, na 90 ni bora zaidi. Kupanua mlango ni kukata ukuta chini ya linta, yaani boriti inayobeba ukuta ulio juu ya mlango, kwa hiyo msimruhusu fundi aanze na nyundo kabla hajawaonyesha linta inaishia wapi na jinsi atakavyoegemeza ukuta wa juu. Katika nyumba ya ghorofa, mwiteni mhandisi. Mlango mpya ufunguke kuelekea nje, maana mzee akianguka ndani, mwili wake huuzuia mlango usifunguke, na dakika hizo za kuvunja mlango ni dakika mbaya sana.

Urefu wa choo cha kukaa upimwe kwa mguu wa mzee mwenyewe, kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti akiwa amevaa kandambili zake, na kama choo ni kifupi, fundi bomba akiinue kwa zege kabla ya kuunganisha bomba la maji machafu. Bomba au kopo la kutawadhia liwe mahali anapolifikia bila kujipinda. Kuhusu vigae, nendeni dukani na chupa ya maji ya sabuni, muyamwage juu ya kigae, mvue viatu na kukikanyaga. Familia nyingi zitataka vinavyong'aa. Wasihini sana wasivichague. Taa iwepo njiani kutoka kitandani mpaka msalani, na ya akiba kwa usiku ambao umeme umekatika.

Msisahau kwamba bafu likivunjwa, mzee hana choo. Nimeona kazi ya siku tatu ikawa wiki mbili, na bibi akanywa maji kidogo kwa makusudi ili asihitaji kwenda kwa jirani. Kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa, iwe imekwisha kukubaliwa atatumia choo gani na atalala kwa nani ikiwa vumbi linamsumbua kifua. Zege jipya limwagiliwe maji angalau siku 7, hata kama fundi anaharakisha kwa sababu ana kazi nyingine.

Kumchagua fundi, mimi humpeleka kwa mzee na kumtazama. Anayesalimia, akavua viatu na kuuliza "Babu, unapanda vipi hapa?" huyo nitaendelea kuzungumza naye. Kisha naomba kwenda kuiona kazi aliyoifanya mwaka uliopita na kuzungumza na mwenye nyumba hiyo bila fundi kuwepo. Kwa kazi kubwa inayogusa msingi na kuta, tafuteni mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kama nyumba ni ya kupanga, idhini ya mwenye nyumba ipatikane kwa maandishi.

Mkataba, hata wa ukurasa mmoja, uandikwe kwa Kiswahili na uwe na vipimo vyote: urefu wa mteremko, upana wa mlango, kimo cha kila chuma na upande wake. Neno "mteremko mzuri" halimfungi mtu. Vifaa nunueni wenyewe, na ufundi ulipwe kwa hatua. Sehemu ya mwisho, ambayo mimi huiacha isipungue moja ya tano, ilipwe baada ya mzee kuitumia kazi hiyo wiki mbili, na jambo hilo fundi alijue tangu siku ya kwanza. Baada ya wiki hizo rudini pamoja naye, akaze skrubu, na mumwombe mzee awaonyeshe anavyopita. Tazameni tena mkono wake unashika wapi. Ukishika ukuta mahali ambapo hakuna chuma, bado kuna tundu moja la kutoboa.