Kabla hujanunua krimu nyingine ya ndevu

Wiki jana dada mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, aliniandikia usiku wa manane. Ndevu zinamtoka kidevuni, hedhi imepotea tangu mvua za Aprili, na mama mkwe ameanza maswali. Sasa kuna krimu anauziwa, akataka kujua kama ndiyo iliyonisaidia.

Dada yangu, krimu haikunisaidia. Ile niliyouziwa na kemisti mmoja mjini ilikuwa na steroidi. Ukiipaka usoni muda mrefu inaleta chunusi, na inaweza hata kuotesha vinyweleo zaidi. Pesa za chama ziliishia hapo, ngozi ikawa laini kama ganda la kitunguu, na ndevu zikabaki zikinicheka.

Kilichonisaidia kilianzia shingoni. Tangu sekondari shingo yangu kwa nyuma ilikuwa nyeusi tii, na bweni zima waliniita mchafu. Nikasugua kwa dodoki, kwa ndimu, kwa jiwe la kisigino, mpaka kola ya shati la shule ikawa inaniwasha kidonda. Miaka mingi baadaye, daktari wa homoni hakuanza hata na kidevu. Aliniambia nigeuke, akashusha kola, akasema, "Huu si uchafu, mama. Hii ni insulini." Nililia palepale kitini. Hadi leo nikikutana na wale wa bweni natamani kuwapa karatasi yangu ya maabara waisome kwa sauti.

Kila mwanamke ana testosteroni, ile homoni ya kiume, kidogo. Shida ni ikizidi. Mwili ukiwa hauitikii vizuri insulini, homoni inayodhibiti sukari, kongosho linamwaga nyingi zaidi. Hiyo ziada ndiyo iliyotia shingo yangu weusi, na inazisukuma ovari kutengeneza testosteroni zaidi, na ini nalo linapunguza protini inayoishikilia kwenye damu. Ndipo zinakuja ndevu, chunusi za taya, nywele kupungua utosini, na mayai kutopevuka. Hiyo ndiyo PCOS, hali ya homoni na ovari kwenda mrama, na ndiyo sababu inayoongoza ya ndevu kwa wanawake. Takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa anayo, wengi bila kujua. Na wembamba wasijione wamepona, inawapata pia.

Lakini si kila ndevu ni PCOS. Kuna kasoro ya kuzaliwa nayo ya tezi za juu ya figo, kuna dawa kama danazoli, na mara chache kuna uvimbe wa ovari au wa tezi hizo. Sauti ikikunenea na ndevu zikajaa ndani ya miezi michache, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Usingoje mwisho wa mwezi.

Kwa hivyo pima. Testosteroni, prolaktini (homoni ya maziwa), homoni za tezi ya shingo, sukari, na altrasaundi ya ovari. Kama unameza vidonge vya kupanga uzazi, mwambie daktari kabla hajakutoa damu, maana vinabadilisha majibu.

Mimi nilipewa vidonge hivyohivyo vya kupanga uzazi, baadaye spironolaktoni, dawa inayozuia kazi ya testosteroni. Hiyo ya pili haimezwi bila kinga ya mimba, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Na inataka subira: tofauti ya ndevu huonekana baada ya miezi 6 hivi, kwa hiyo uzi wa salonini utaendelea nao. Metformini, dawa ya kisukari, husaidia upande wa insulini. Mwenye uzito mkubwa akipunguza hata 5% tu, hedhi huweza kurudi. Mimi nilipunguza chapati na soda, nikaanza kushuka matatu mapema nitembee.

Wanawake wa Nairobi, tuambiane ukweli. Wigi tunalipia, kucha tunalipia, lakini tukiambiwa kipimo cha damu tunasema uchumi mbaya. Tutapaka mpaka lini? Pima! Halafu pima sukari kila mara daktari anapokuambia, kwa sababu PCOS na kisukari ni majirani.

Na kuhusu mtoto, dada wa Umoja: PCOS si utasa. Ipo letrozoli, dawa ya kupevusha mayai, na wengi hushika mimba wakiitumia chini ya daktari. Mama mkwe akiuliza tena, mwambie kliniki inamtaka na kijana wake, akapimwe mbegu.