Debora na Paulo: tumfuate nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Katika mafunzo yetu ya Biblia hapa Mkunazini, kaka mmoja alisoma 1 Timotheo 2:12, ambapo Paulo hamruhusu mwanamke kufundisha wala kumtawala mwanamume. Akasema basi tangu 2021, alipoapishwa Mama Samia, Mzanzibari mwenzetu, tunakwenda kinyume cha Maandiko. Mbona Debora, mwamuzi wa Israeli, alitawala?
Mama wa Mkunazini, Unguja

JIBU: Marahaba mwanangu. Msomeeni kaka yenu Waamuzi 4 yote, taratibu. Debora aliketi chini ya mtende, kati ya Rama na Betheli, Waisraeli wakimwendea awaamue. Baraka, mwanamume wa vita, alikataa katakata kwenda vitani bila yeye. Na hakuna mstari hata mmoja unaomlaumu Debora kwa kuwa mwanamke! Tena Hilkia, kuhani mkuu, alimwendea nabii Hulda kuuliza neno la Bwana (2 Wafalme 22).

Paulo alimwandikia Timotheo aliyekuwa Efeso, kwenye mafundisho potofu, habari za ibada na mafundisho. Ikulu haimo. Kuhusu serikali soma Warumi 13: watii mamlaka, na hapo hakuuliza jinsia.

Kigumu hasa ni kingine, wala sikufichi. Katika 1 Korintho 11:5 wanawake wanasali na kutoa unabii. Sura ya 14 wanaambiwa wanyamaze. Mimi naamini sura ya 14 inakataza fujo ya maswali katikati ya ibada, maana mstari wa 35 unawataka wakaulize nyumbani. Wapo wachungaji ninaowaheshimu wasiokubali. Ila asikunyamazishe mtu kwa mstari mmoja, mwanangu.