Kama mlo ni wa kunywa, usiujaze maji

Mwambie mtu yeyote hapa Bukavu kwamba una mgonjwa asiyeweza kutafuna, atakujibu: mpe uji. Sawa, lakini uji tunaowapikia wagonjwa mara nyingi ni maji yaliyogeuzwa rangi tu. Vijiko viwili vya unga ndani ya nusu lita havifikishi kilokalori 80. Mtu mzima anahitaji kama 2,000 kwa siku, kwa hiyo ili ashibe uji wa aina hiyo itabidi anywe zaidi ya lita 12. Hakuna tumbo la kazi hiyo.

Mambo haya niliyashika vizuri mdogo wangu alipoanguka na pikipiki, taya likafungwa waya. Kwa wiki kadhaa chakula chake chote kilipita kwenye mrija. Alishapona zamani, ila mimi kinywaji chake sikukiacha. Siku za kazi ndicho chai yangu ya asubuhi.

Msingi wake ni masoso, yaani unga wa mahindi, soya na mtama. Unga uliokwisha kusagwa unauzwa kila mahali, lakini mimi nanunua nafaka mwenyewe soko la Kadutu, nikipima kwa Guigoz, mkebe wa maziwa ya unga: miwili ya mahindi, mmoja wa mtama, mmoja wa soya. Soya ndiyo inayotaka macho. Ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia tumbo lisimeng'enye protini, na ni moto tu unaokiondoa. Naichagua, naikaanga kwenye sufuria kavu juu ya mbabula (jiko la makaa), moto wa wastani, nikikoroga bila kuacha mpaka ganda lipasuke na ndani ibadilike kuwa kahawia. Ukiitafuna punje moja ukasikia bado ladha ya maharage mabichi, rudisha motoni. Ikipoa naifikicha kwa mikono, napepeta maganda, ndipo inakwenda mashineni pamoja na wenzake.

Karanga pia zichague moja moja. Zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu, tupa. Sumu ya ukungu ule haiondoki kwa kukaanga. Mimi sinunui unga wa karanga uliokwisha kutwangwa, kwa sababu sijui aliyetwanga alitupa nini na aliacha nini.

Mlo mmoja naupima hivi: gramu 60 za masoso, vijiko viwili vya mezani vya karanga zilizosagwa laini, robo lita ya maziwa, ndizi mbivu moja, na kijiko cha mezani cha mawese. Masoso naipika kwanza na maji mpaka iive kabisa, kisha maziwa na karanga, vichemke pamoja. Mawese mwishoni. Ndizi naiponda ikiwa mbivu kweli, ya madoa meusi, na sukari siongezi. Unapata karibu kilokalori 750 na protini kama gramu 25, kwenye kikombe kikubwa kimoja na nusu hivi. Usiyaonee haya mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga ina 4, na mtu anayekunywa kwa mrija hana nafasi ya kupoteza.

Tatizo ni uzito. Gramu 60 za unga kwenye maji machache zinaganda, na mdogo wangu alinitazama akasema kwa meno yaliyofungwa, "Yaya (ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa), hii ni ya kubandika matangazo." Wengi hapo huongeza maji, wakarudi kule kule tulikotoka. Dawa yake ni kimea. Mama yeyote anayetengeneza pombe ya mtama anakijua: mtama uliolowekwa, ukaachwa uchipuke siku mbili tatu, ukaanikwa, ukafikichwa vichipukizi na mizizi vikatoka, ukasagwa. Uji mzito ukiisha kuiva, uepue upungue moto kidogo, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga. Baada ya dakika chache utaona mwiko unapita kwa urahisi, uji umelegea wenyewe na hukuongeza hata tone. Rudisha motoni uchemke tena vizuri, maana kimea cha mtama hakiliwi kibichi. Chujio mara mbili, tayari kwa mrija.

Mikseri inasaidia umeme ukiwepo. Mimi siku ya umeme nasaga vile vikavu tu, karanga na sambaza wa kukausha (dagaa wa Ziwa Kivu), naviweka kwenye mikebe yenye kifuniko. Giza likiingia, chujio na mwiko vinatosha.

Utamu unachosha haraka kuliko unavyodhani. Kwa hiyo jioni iwe ya chumvi: maharage yaliyoiva mpaka yakapasuka (Bukavu tuko juu, karibu mita 1,500, maji yanachemka kabla ya nyuzi 100, vumilia), kijiko cha unga wa sambaza, lenga-lenga (mchicha), kitunguu, mawese. Ponda, chuja, punguza kwa mchuzi wake wenyewe. Sambaza anasagwa na mifupa yake, na humo ndimo kuna kalisi. Juisi ya marakuja (pasheni) au chungwa apewe peke yake, bila kupikwa. Ukiichanganya na maziwa yatakatika.

Kuna watakaokuuzia sokoni pakiti za Plumpy'Nut. Ni kitu kizuri, karanga, mafuta, maziwa ya unga, sukari na vitamini, kilokalori 500 katika gramu 92, lakini zimetengwa kwa watoto wenye utapiamlo mkali. Waachie watoto.

Mengine kwa ufupi. Chenye maziwa kisilale nje ya friji. Pika cha kunywa leo, au kiweke kwenye termosi kikiwa moto na kiishe saa chache zijazo. Mgonjwa anywe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, si kikombe kizima kwa mpigo. Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au anayelishwa kwa mpira wa puani, vipimo vyake viulizwe kwa daktari, si kwangu. Mtoto wa chini ya miezi sita ni ziwa la mama tu. Na mgonjwa mpime uzito kila wiki, hata kwa mizani ya kukopa kwa muuza duka: ukishuka, ongeza karanga na mawese kabla hujafikiria kuongeza vikombe.