Mwenye mashua, je, ana fungu katika zaka?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh wangu. Mimi ni mke wa mvuvi hapa Langoni, Lamu. Mume wangu ana mashua kwa ushirika na nduguye, nasi twakaa nyumba ya urithi. Mamangu mzee, ambaye tunaye hapa, hupokea pesa za wazee za Inua Jamii, mpango wa serikali. Ramadhani hii nilikwenda kuchukua mchele wa zaka, nikarudishwa mbele za watu: "Nyinyi mna mashua, mna nyumba, na serikali yawalisha." Mwaka jana nilipewa gunia. Je, nilikula haramu?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Hukula haramu, dada yangu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililokunyima usingizi.

Mafungu manane ya zaka, yaani aina nane za watu wanaostahiki kupewa, sote twayajua; fakiri na maskini ni mawili kati yake. Waliokurudisha wamekosea pale walipodhani maskini ni mtu asiye na kitu kabisa. Katika madhehebu yetu ya Shafii, asiye na kitu, au aliye na kidogo kisichomfikisha popote, ni fakiri. Maskini anacho, ila hakimtoshi. Na ajabu ni kwamba dalili yenyewe ni ya chombo cha baharini! Katika Suratul Kahf, aya ya 79, Khidhr alipomweleza Nabii Musa, aliyekuwa naye safarini, kwa nini ameitoboa ile jahazi, alisema ilikuwa ya maskini wafanyao kazi baharini. Wana jahazi, na Mwenyezi Mungu amewaita maskini. Sasa sisi watu wa Lamu, tuliozaliwa tukisikia mawimbi, ndio wa kuisahau aya hii?

Nyumba nayo si hoja. Imam Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu yetu, ameandika wazi katika kitabu chake Minhaj kwamba makazi ya mtu na nguo zake havimwondolei ufakiri. Au walitaka muuze tofali la babu mnunue mchele?

Ama pesa za wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Zigawanye kwa siku 30: hazifiki hata 67 kwa siku. Tena ni mali ya mamako, si yako wala ya mumeo. Vipi dawa ya bibi kizee ihesabiwe kuwa utajiri wa mkwewe? Kinachopimwa ni kimoja tu: pato la mumeo lawatosha au haliwatoshi. Kusi ikivuma, mashua ikakaa pwani wiki nzima, jibu kila jirani analijua.

Kuna jambo ningependa ulielewe. Fungu hili ni la mumeo, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kuwalisha. Wewe ulikwenda kwa niaba yake. Basi na aende mwenyewe, na asiombe mchele peke yake. Wanazuoni wetu wamesema mwenye kazi ya mikono hupewa zana za kazi yake. Kama nyavu zimechakaa, aombe nyavu.

Na wewe uliyeaibishwa foleni ikikutazama, wasamehe ukiweza. Usipoweza leo, sikulaumu. Wao wasome Baqara aya ya 264, inayokataza kubatilisha sadaka kwa masimbulizi na udhia.

Ijumaa nitaswali Langoni inshallah. Baada ya swala nitakaa na wanakamati wa zaka, na jina lako sitalitaja.