Chafya za msimu wa chavua: je, chanzo ni histamini ya chakula?

Swali

Shikamoo daktari. Nina miaka 36. Kila mwaka nyasi na miti ikichanua, asubuhi napiga chafya mfululizo, macho yananiwasha, na usiku pua inaziba kabisa. Natumia dawa ya mzio ya setirizini, chafya zinapungua lakini pua haizibuki. Msimu huohuo nikinywa divai nyekundu au nikila jibini iliyokomaa, uso unaniwaka na kichwa kinauma. Miezi mingine hali hiyo ni nadra. Mtaalamu mmoja wa tiba ya kutafuta chanzo ameniambia mwili wangu ni ndoo iliyojaa histamini, ile kemikali inayoleta dalili za mzio. Ameniagiza nipime kwenye damu kimeng'enya cha DAO kinachovunja histamini, niache vyakula vyote vyenye histamini, nianze kirutubisho cha kwesetini na vitamini C, na setirizini niiache kwa kuwa inaficha dalili tu. Nifuate lipi?

Jibu

Marahaba. Setirizini usiiache kwa sasa. Kipimo cha DAO usikilipie. Suala la chakula linastahili kujaribiwa, ila si kwa namna uliyoelekezwa na si kwa sababu uliyopewa. Tiba ya kutafuta chanzo ndiyo ninayoifanya kila siku na naithamini, ndiyo maana huniuma inapotumika kumnyima mgonjwa dawa inayomsaidia.

Kwanza pua. Mtu mwenye mzio wa chavua ana kingamwili aina ya IgE zilizoshika juu ya seli ziitwazo masti, ambazo zimejaa kwenye utando wa pua na macho. Chavua ikitua hapo, protini zake huyeyuka kwenye unyevu, hugusana na IgE hizo, na ndani ya dakika chache seli humwaga histamini iliyokuwa imehifadhiwa tayari. Histamini ikishika vipokezi vya H1, yaani sehemu za seli zinazoipokea, unapata muwasho, chafya na makamasi mepesi. Setirizini hukalia vipokezi hivyo. Haipunguzi histamini mwilini, bali huizuia isifanye kazi yake hapo.

Sasa mbona pua haizibuki? Kwa sababu seli zilezile hutengeneza pia kemikali nyingine, zikiwamo lukotrini, na baada ya saa 4 hadi 8 huja wimbi la pili: seli nyeupe aina ya eosinofili huingia kwenye utando, na utando unavimba. Uvimbe huo hauitegemei sana H1, kwa hiyo ukiongeza vidonge vya setirizini utapata nafuu ndogo tu. Dawa inayoushughulikia vizuri ni steroidi ya kupuliza puani, kama flutikasoni au mometasoni. Kwa pua inayoziba kila siku, hiyo ndiyo yenye ushahidi mkubwa kuliko zote, na inatuliza macho pia kwa kiasi. Kwa maelezo yako, hii ndiyo iliyokosekana kwenye matibabu yako.

Wengi huniambia waliijaribu wakaona haifai, na nikiwaomba wanioneshe walivyokuwa wakipuliza naona sababu. Wanainua kichwa juu, wananyoosha chupa wima, wanapuliza na kuvuta kwa nguvu. Dawa yote inaishia kooni. Fanya hivi: penga pua kwanza, inamisha kichwa mbele kidogo, shika chupa kwa mkono wa kulia unapopuliza tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia. Ncha ielekee upande wa sikio, isielekee ukuta wa katikati ya pua, maana ukuta huo ndio hukwaruzika na kutoa damu. Vuta pumzi taratibu tu, kama ya kawaida. Ukisikia ladha ya dawa kooni, ulivuta kwa nguvu mno. Tumia kila siku bila kuruka. Nafuu kamili huweza kuchukua hadi wiki 2, kwa hiyo mwakani anza wiki 2 hivi kabla ya msimu. Usidhani ni sawa na zile dawa za kuzibua pua papo hapo zenye oksimetazolini au zailometazolini. Hizo ukizipuliza zaidi ya siku 3 hadi 5, pua huanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe.

Tuje kwenye ile ndoo. Kuna ukweli ndani yake. Pua iliyokutana na chavua siku nyingi mfululizo huwa nyepesi kuchokozeka: chavua kidogo, moshi kidogo, hata harufu kali tu inatosha kukuamsha dalili. Kwa hiyo kupunguza mzigo kwa jumla kunasaidia. Oga na kuosha nywele kabla ya kulala, usianike shuka nje siku za chavua nyingi, na suuza pua kwa maji ya chumvi. Maji hayo yawe yamechemshwa yakapoa, au yaliyotoneshwa. Maji ya bomba yasiyochemshwa yana hatari ndogo lakini ya kuua, kwa sababu kuna amiba inayoweza kupanda kutoka puani hadi kwenye ubongo.

Mfano huo unakwama pale unapodhani histamini yote ni moja. Histamini ya puani hutengenezwa hapohapo, hufanya kazi hapohapo, na huvunjwavunjwa zaidi na kimeng'enya kingine kiitwacho HNMT. DAO kazi yake kubwa iko kwenye utumbo mwembamba, ambako huvunja histamini iliyomo kwenye chakula kabla haijaingia kwenye damu. Ukiongeza DAO ya utumboni, seli za masti za puani zitaendelea kumwaga histamini vilevile kila chavua inapozigusa. Mtu anaweza kuacha nusu ya vyakula vyake na bado akaamka anapiga chafya. Nimewaona watu wa namna hiyo, wamekonda na wanaogopa kila sahani.

Kipimo cha DAO cha damu hakioneshi vizuri kinachofanyika utumboni, na hakuna kiwango kilichokubalika cha kumtenga mwenye tatizo na asiye nalo. Jibu likija chini utatishika bila sababu. Likija juu, bado uso utakuwaka ukinywa divai.

Hata hivyo, uso kuwaka na kichwa kuuma silipuuzi. Jibini iliyokomaa na divai nyekundu zote zina histamini, na pombe hulegeza kazi ya DAO, juu ya kwamba yenyewe hutanua mishipa ya damu na kuziba pua. Inawezekana kabisa kwamba msimu wa chavua unakuta mwili wako hauna nafasi ya kuvumilia. Kwa hiyo jaribu hivi: tuliza pua kwanza kwa steroidi. Ikishatulia, acha pombe peke yake kwa wiki 2. Kama bado unawaka uso, acha na jibini iliyokomaa, nyama zilizokaushwa kwa chumvi na vyakula vilivyochachushwa kwa wiki 2 hadi 4, halafu rudisha kimoja kimoja, ukiandika ulichokula na kilichotokea. Kisichokudhuru kirudi mezani. Samaki umle akiwa amevuliwa muda si mrefu au amekaa kwenye baridi tangu avuliwe, hasa jodari na jamii yake, kwani wakiachwa kwenye joto bakteria hugeuza histidini ya nyama yao kuwa histamini, na kupika hakuiondoi.

Niambie pia dawa nyingine unazotumia. Ziko zinazozuia DAO. Mfano unaofahamika vizuri ni isoniazidi ya kifua kikuu: wanaoitumia wamewahi kuwaka uso na kuumwa kichwa vikali baada ya kula samaki wa aina hiyo.

Kwesetini maabara inatuliza seli za masti, lakini mwilini hufyonzwa kidogo na ushahidi kwa wagonjwa ni mwembamba. Ukitaka kuijaribu pamoja na dawa zako sina pingamizi, ila kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda uliza kwanza. Vitamini C isizidi miligramu 2,000 kwa siku. Zaidi ya hapo huharisha, na mwenye historia ya mawe ya figo asiikaribie dozi kubwa. Asali ya kutibu chavua achana nayo. Chavua inayoleta mzio ni hasa ile inayopeperushwa na upepo, na nyuki hukusanya zaidi ile ya maua.

Na kama shabaha ni chanzo hasa, kipo cha kukigusa: tiba ya kuuzoesha mwili kwa chavua yenyewe, kwa sindano au kwa vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Daktari Leonard Noon aliieleza London mwaka 1911, na leo hutolewa kwa takriban miaka 3 au zaidi. Hubadilisha namna kinga inavyoitazama chavua, na nafuu yake huweza kudumu hata ukishaiacha. Kabla ya kuianza lazima ijulikane ni chavua ipi. Ukipimwa kwa kuchomwa ngozi, hapo ndipo utaacha setirizini kwa siku 7 hivi, vinginevyo majibu yatapotoka. Kipimo cha IgE cha damu hakihitaji uache chochote. Kama umekuwa ukimeza setirizini kila siku kwa miezi au miaka, mwambie daktari wako kabla ya kuiacha. Mwaka 2025 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitahadharisha kwamba baadhi ya watu, wachache, hupata muwasho mkali wa mwili mzima siku chache baada ya kuikatiza.

Ukianza kukohoa usiku, kifua kubana au kutoa mlio unapopumua, usisubiri mpango huu uishe. Kapimwe pumu wiki hiyohiyo.